Wiki ya magongo Unguja: daftari la kocha kutoka Wete

Ijumaa usiku, Wete

Begi nimelifunga na kulifungua mara tatu, maana kila nikivuta zipu mama anatokea na kitu chengine. Kwanza halua ya kumpelekea shangazi. Halafu kanga ya kujifunika ndani ya boti. Mwisho karafuu kavu, kaziviringa kwenye karatasi ya daftari: "Ukihisi kichefuchefu tia moja mdomoni uibane kwenye jino. Usiitafune."

Kesho nakwenda Unguja kwenye kambi ya mpira wa magongo, yaani hoki, siku sita. Makocha ni wageni wawili: mama mmoja wa Kiholanzi aliyecheza ligi kuu ya kwao na kulipwa kwa kazi hiyo, na kaka mmoja wa Nairobi aliyekulia kwenye uwanja wa City Park. Wachezaji wanatoka skuli mbalimbali. Sisi makocha vijana tumeitwa tuangalie, tusaidie, na siku moja kila mmoja wetu atapewa robo saa aongoze.

Nina miaka 24. Nasomesha hisabati, na hoki nimeanza kuifundisha mwaka juzi. Watoto wangu ni 26. Stiki tunazo 11: saba za dukani, zilizotufikia zikiwa zimeshachakaa, na nne alizotuchongea fundi seremala kwa mti wa mpera. Mipira ni mitatu, miwili kati yake ni ya kriketi tuliyoipaka rangi nyeupe. Hiyo ya kriketi inatufaa sana, kwa sababu uzito wake na wa mpira wa hoki ni karibu sawa, gramu 156 hadi 163.

Kabla ya kulala nimeandika swali moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: Nifanye nini watoto wasiuzonge mpira? Nikipiga filimbi tu, wote wanaukimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Binti wa muuza samaki, mdogo kuliko wenzake wote, husimama peke yake upande wa mwembe, stiki kaiinua, anaita. Hakuna anayemsikia. "Tawanyikeni!" nimeshaipigia kelele hadi koo likakauka. Wanatawanyika, wanahesabu hatua tatu, wanarudi pale pale.

Nilikuwa na maswali mengine kumi na zaidi. Nimeyaacha. Nakwenda na hili.

Jumamosi, njiani

Gari ya alfajiri mpaka Chake, kisha bandari ya Mkoani. Huu ni msimu wa karafuu, barabara nzima majamvi yametandikwa na harufu inaingia dirishani. Wiki tatu hizi nusu ya watoto wangu hawakuja mazoezini, wako mashambani wanachambua na wazazi wao, na siwezi kumlaumu mzazi hata mmoja.

Kaskazi imeshaanza kuvuma, lakini kwa anayekwenda Unguja inamsukuma kwa nyuma, kwa hiyo safari ilikuwa tulivu. Tulipokaribia bahari ya Nungwi mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia, akainua mikono, akaomba dua kimya kimya, na safu nzima tukamfuata. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kwenye maji hayo ikielekea kwetu, na Pemba ni kisiwa kidogo. Kila mtaa una jina la kuliombea.

Nikashuka bandari ya Malindi, Unguja mjini, kisha kwa miguu na begi kichwani hadi Michenzani kwa shangazi. Anakaa ghorofa ya juu kabisa kwenye yale majumba marefu, na leo maji hayakupanda. Nimepandisha ndoo nne. "Karibu mwanangu, mguu wa kocha huo," akasema, akanipa chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, tukala ile halua hadi kisahani kikawa cheupe.

Jumapili, siku ya kwanza

Uwanja wa majani, haujalingana vizuri, lakini ukitoka kwetu Wete ni zulia. Mistari ilipigwa chokaa alfajiri: mita 91.4 kwa 55, na yale maduara mbele ya magoli, mita 14.63 kutoka mstari wa goli. Nilisaidia kushika kamba. Mpaka leo uwanja kamili nilikuwa nikiuchora ubaoni tu, sijawahi kuusimamia mwenyewe kwa kamba na chokaa. Nikasimama ukingoni mwa duara nikatazama goli, mita 3.66 upana, nikaelewa kwa nini watoto wangu hupiga nje. Kwetu tunaweka mawe mawili kwa kukisia, na nimekuwa nikiyaweka karibu mno.

Kwa robo saa ya mwanzo mama wa Kiholanzi hakufungua mdomo. Watoto walikuwa wanapasiana wenyewe, yeye anazunguka nje ya kundi taratibu, mikono nyuma. Sisi makocha vijana sita tulikuwa tumesimama katikati ya uwanja, tukirekebisha huyu na yule. Kaka wa Nairobi akaja akatuomba kwa adabu tutoke nje ya mistari. "Mkiwa katikati," akasema, "mnaona mpira. Mkiwa nje mtaona watu."

Baadaye ikaja habari ya mikono. Hili nataka niliandike vizuri, nisije nikalisahau.

Stiki ya hoki ina uso mmoja bapa, upande wa kushoto, na kanuni hairuhusu kucheza kwa mgongo wake wa mviringo. Ukitaka kuupeleka mpira kulia na kushoto mbele yako, lazima stiki igeuke, uso bapa ulale upande huu, kisha upande ule. Watoto wengi huigeuza kwa mkono wa kulia, ulio chini, na hapo kiwiko kinakwama na mpira unapotea. Mkono wa kugeuza ni wa kushoto, ulio juu kabisa. Wa kulia unaishikilia stiki tu, iteleze ndani yake. Nililijua hili kwa maneno, nimelisema mara mia. Yeye hakulisema hata mara moja. Alitoa begini kipande cha bomba la plastiki, urefu wa kiganja, akakivisha kwenye stiki kupitia juu kwenye mpini, akamwambia mtoto ashike bomba kwa mkono wa kulia na mpini kwa wa kushoto. Basi. Stiki ikawa inazunguka ndani ya bomba, na mkono wa kulia hata ungetaka kuigeuza usingeweza. Yule mtoto, kijana wa miaka kama 12, akaanza polepole, tak, tak, tak, kisha akacheka peke yake kwa kuona mpira unamtii.

Nikakumbuka stiki zetu nne za mpera. Fundi wetu, kwa wema wake, alizichonga bapa pande zote mbili ili watoto wasipate taabu. Wale wanaozitumia hawajawahi kugeuza mkono hata siku moja, kwa sababu hawana haja. Miaka miwili nimekuwa nikiwasema kwa uvivu.

Jumatatu

Kona fupi, lile pigo la adhabu la karibu na goli, asubuhi nzima. Mpira unatolewa kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti wa goli. Walinzi watano, kipa akiwemo, wanasubiri nyuma ya mstari, wenzao wote wamerudishwa kule kati. Lazima mpira utoke nje ya duara kabla ya kupigwa golini, na pigo la kwanza likiwa la kugonga, mpira usipite golini juu ya ubao wa chini, sentimita 46.

Kila mtoto alitaka awe mpigaji. Mama wa Kiholanzi akaanza na msimamishaji, yule anayeupokea mpira na kuutuliza ukingoni, na akakaa naye saa nzima. Wengine walikuwa wanangoja kwa hamu wapige. Kaka wa Nairobi alitueleza sababu: mpira ukirukaruka hata kidogo, mpigaji hodari hana lake, na walinzi wameshafika.

Mchana jua lilikuwa kali mno, tukapumzika mpaka alasiri. Nimeandika kurasa sita za mazoezi. Usiku nilipozisoma chini ya taa ya shangazi nikaona nimechora mishale na koni tu, sikuandika hata mahali pamoja kwa nini. Nimeanza upya: upande wa kushoto zoezi, upande wa kulia sababu yake. Nisipoijua sababu naacha wazi, kesho nauliza.

Jumanne

Nimegundua saa nzuri ya kuuliza. Wakati wa mazoezi makocha hawa hawasikii mtu. Wakati wa mapumziko wamezungukwa. Lakini mazoezi yakiisha watu wote wanakimbilia maji na simu zao, na koni zimebaki uwanjani. Mama wa Kiholanzi huzikusanya mwenyewe. Leo nilikwenda kumsaidia, na kwa Kiingereza changu cha darasani nikamuuliza lile swali langu la kuzonga.

Hakunijibu. Aliniuliza: yule mtoto wako anayesimama peke yake, kwenye mchezo mmoja anaugusa mpira mara ngapi?

Sikuwa na jibu. Mwalimu wa hisabati, na sikuwa nimewahi kuhesabu.

Akanipa kazi ya jioni: nichague mtoto mmoja, nihesabu. Nilikuwa na zile karafuu za mama mfukoni, boti ilikuwa tulivu sikuzihitaji. Nikazitia zote mfuko wa kulia wa koti la mazoezi, na kila mtoto niliyemchagua akigusa mpira nahamisha punje moja mfuko wa kushoto. Nilimchagua binti mwembamba wa ng'ambo ya mji, mwenye stiki ndefu kupita kimo chake. Wakicheza timu nzima, 11 kwa 11, dakika 15: punje nne. Nne! Na moja kati ya hizo mpira ulimgonga mguuni, faulo. Kisha wakagawanywa wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo, dakika 15 vile vile, na mimi namfuata yule yule. Punje 31. Mfuko wa kushoto ulivimba.

Nikampelekea mama wa Kiholanzi namba zangu mbili. Akazitazama, akaniuliza je, uso wake ulikuwaje. Nikamwambia kwenye mchezo mkubwa alikuwa akivuta mtandio wake na kutazama barabarani. Kwenye mdogo alikuwa anatoka jasho na kuwagombeza wenzake. Akaniambia niandike na hilo.

Jumatano

Zamu yangu ya kuongoza. Robo saa, watoto wanane, pasi za pembetatu. Nilijiandaa usiku kucha.

Imeharibika, na nataka niandike jinsi ilivyoharibika. Niliwapanga, nikaeleza. Wakaanza, wakakosea, nikasimamisha, nikaeleza tena. Nikachukua stiki nikaonesha. Nikasimamisha tena nikaeleza umuhimu wa pembetatu. Watoto walikuwa watulivu na wenye heshima, wanaitikia "ndiyo mwalimu", na mimi nikaona mambo yanakwenda. Mwisho kaka wa Nairobi akaja na saa yake mkononi. Alikuwa ameiwasha kila nilipokuwa nasema na kuizima kila mpira ulipokuwa unatembea.

"Dada, dakika 15 hizi umesema dakika tisa."

Nilihisi uso unawaka. Akaketi chini kwenye majani pembeni yangu, hakuharakisha, akasubiri nipumue. Akaniambia walimu wote wa skuli hupita hapo, yeye pia alipita, kwa sababu darasani ukinyamaza unaonekana hufundishi. Kisha akanifundisha njia yake: sema sentensi moja, wacha wacheze, na ukitaka kusema ya pili, kwanza badilisha kitu uwanjani. Sogeza koni. Ondoa mtu. Ongeza mpira. Uwanja uwaambie.

Nimelia kidogo chooni. Kisha nimekwenda kukusanya koni kama kawaida.

Usiku nilishuka mtaani na mjomba, mume wa shangazi, kunywa kahawa barazani, yeye na wenzake upande ule, mimi pembeni na kashata yangu. Mjomba akanitambulisha kuwa nimekuja kwa magongo. Mzee mmoja mwenye miwani minene akageuka mzima mzima. "Magongo?" Kumbe ujanani alicheza uwanja wa Mnazi Mmoja, jioni kwa jioni, mpaka adhana ya magharibi. Akaniuliza kama watoto wa siku hizi wanajua kwamba Tanzania ilicheza hoki kwenye Olimpiki ya Moscow, 1980. Nikamwambia mimi najua: timu sita, sisi wa sita, na India waliotufunga 18 bila ndio waliotwaa dhahabu. "Basi usiwahadithie hizo 18 kwanza," akasema. "Wahadithie kwamba tulifika."

Tukaongea habari ya viwanja. Tangu Montreal 1976 Olimpiki inachezwa kwenye zulia la plastiki, na huko mpira unateleza moja kwa moja, unajua utakapofikia. Kwenye majani yenye vishimo, alisema mzee, hujui utarukia wapi, kwa hiyo wao walijifunza kuilaza stiki. Akainuka pale barazani, na umri wake ule, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akakunja magoti, akailaza fimbo karibu igusane na sakafu, mkono wa kushoto umeshuka mpaka usawa wa goti. "Ukiisimamisha unauzuia mpira kwa upana wa vidole viwili. Ukiilaza, una ukuta." Fimbo ilibaki imelala pale chini ya taa, ncha kwa mpini, kama kizingiti cha mlango. Mjomba akamshika mkono kumsaidia ainuke.

Uwanja wetu wa Wete una vishimo kuliko Mnazi Mmoja yoyote. Mimi nawafundisha watoto kusimamisha stiki wima, kama nilivyoona kwenye video za watu wanaocheza kwenye zulia.

Alhamisi

Nilimweleza mama wa Kiholanzi habari ya mzee na fimbo yake. Akafurahi mno. Akasema hata kwao, waliojifunza kwenye majani walilaza stiki, na hapohapo akabadilisha ratiba ya asubuhi: nusu saa ya kupokea kwa stiki iliyolala. Mipira iliyokuwa ikiwapita watoto chini ya stiki tangu Jumapili ikaanza kukwama. Natamani mzee angekuwepo aone.

Kisha nikapewa robo saa ya pili, bila kuomba. Safari hii mchezo ulikuwa wa milango minne. Chukua mraba kama hatua 25 kwa 25, weka mlango wa koni mbili karibu na kila pembe, wanne kwa wanne. Bao linahesabiwa ukimpasia mwenzako mpira ukapita katikati ya mlango na yeye akaupokea upande wa pili. Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Nikaisema, nikatoka nje ya mistari, nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kukimbia.

Dakika mbili za mwanzo walizongana kwenye mlango mmoja, wote wanane, vumbi tupu. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Kisha binti wa ng'ambo, yule wa punje 31, akachoka kusukumwa, akatoka kwenye msongamano akaenda kusimama nyuma ya mlango wa mbali kabisa. Peke yake, kama yule wangu wa mwembe. Mwenzake akainua kichwa akamwona. Pasi ndefu, bao. Mara ya pili, bao. Mara ya tatu wapinzani walimtuma mtu akamlinde, na hapo mlango mwengine ukabaki mtupu, na mtoto mwengine akaukimbilia. Ndani ya dakika tano uwanja mzima ulikuwa umefunguka, na neno "tawanyikeni" halijasemwa na mtu yeyote.

Kumbe wanazongana kwa sababu mimi nimewawekea mlango mmoja. Goli moja mbele, wote wanalifuata, nani hatalifuata? Mtoto aliyesimama pembeni hakuwa na faida yoyote kwa mwenzake mwenye mpira, na nilikuwa nikiwaombea wamkumbuke kwa huruma. Kwenye milango minne wanamtafuta wenyewe, kwa kuwa yeye ndiye bao.

Kaka wa Nairobi akanionesha saa. Nimesema dakika moja na sekunde 40.

Jioni alituhadithia habari za hoki ya watu watano. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilichezwa Muscat, Oman, Januari 2024, wanaume na wanawake. Uwanja wake haufiki nusu ya uwanja mkubwa, pembeni kuna ubao ambao mpira ukiugonga unarudi mchezoni, na kona fupi hakuna. Skuli yenye uwanja mdogo na stiki kumi inatosha kabisa timu mbili. Mimi ninazo 11. Nilipomsimulia shangazi akauliza tu kama ni Muscat hii hii ya ndugu zetu.

Ijumaa

Nusu siku, kwa ajili ya sala. Magolikipa walikuwa na saa yao asubuhi na sikuandika mengi, maana pedi sisi hatuna, na mtoto bila pedi na kofia ngumu simweki golini mipira ile ikiruka. Tutaendelea na milango isiyo na kipa.

Kwaheri ilikuwa fupi. Mama wa Kiholanzi aliomba kuliona daftari langu. Akapitisha kidole upande wa kulia, wa sababu, na alipokuta nafasi wazi mbili akachukua kalamu akazijaza mwenyewe, moja baada ya nyingine, amechuchumaa juani. Nilimpa karafuu kumi zikumbushe Pemba. Akazinusa akafumba macho.

Baada ya sala nilikwenda Darajani kutafuta bomba. Muuzaji wa vifaa vya maji alishangaa: binti wa watu anataka bomba la plastiki, anavisha stiki ya hoki ndani yake katikati ya duka, anapima. Ile ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya pili ikateleza vizuri. Nikamwomba anikatie vipande 11, urefu wa kiganja. Alikata kwa msumeno, akavisugua kingo kwa msasa visikate mikono ya watoto, na hilo la msasa sikumwomba. Pesa ya kukata hakuchukua.

Jumamosi

Kurudi Pemba ni kwenda kinyume na kaskazi. Boti ilipanda na kushuka kutoka Nungwi mpaka karibu na Mkoani. Karafuu moja kwenye jino, macho kwenye upeo. Mama alikuwa sahihi, usiitafune.

Jumatatu jioni, Wete

Wamekuja 19, maana karafuu bado zinachumwa. Nilikuwa nimekwenda kwa fundi asubuhi na stiki nne za mpera, nikamweleza habari ya uso mmoja bapa na mgongo wa mviringo. Hakukasirika. Aliigeuza moja mkononi, akasema, "Kumbe ndivyo," akachukua randa. Hadi jioni zote nne zilikuwa tayari.

Koni hatuna, nikaweka ndara zao, jozi nne, milango minne. Viwanja viwili vya wanne kwa wanne havikutosha stiki, kwa hiyo kiwanja kimoja kilicheza na chengine kikafanya zoezi la mikono kwa vipande vya bomba na stiki tatu za zamu. Mbuzi wawili walipita katikati, mchezo ukasimama, ukaendelea.

Nilisema sentensi moja. Nikatoka nje ya mistari, nikasimama chini ya mwembe, pale anaposimamaga yeye. Karafuu zilizobaki nilizihesabu kabla ya kuzitia mfuko wa kulia: 22.

Walizongana. Niliacha. Binti wa muuza samaki alikuwa nje ya msongamano kama siku zote, ila leo nje ya msongamano palikuwa na jozi ya ndara. Akaitazama. Akazunguka nyuma yake, akailaza stiki chini kama nilivyowaonesha dakika kumi kabla, mkono wa kushoto gotini, na akaita. Kaka mkubwa mwenye mpira akainua kichwa.

Filimbi ya mwisho nilichelewa kuipiga. Adhana ilikuwa karibu, mama mmoja alikuwa ameshasimama barabarani anamsubiri mwanawe. Nilipotia mkono mfuko wa kulia nilikuta zimebaki punje mbili.